Uzamili na Uzamivu Afrika Mashariki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Watafiti Wachanga

Maswali haya hutoka kwa wanafunzi wa uzamili (shahada ya pili) na uzamivu (shahada ya udaktari), wengi wao wa Tanzania na Kenya, na kwa walimu vijana wa vyuo waliotakiwa na waajiri wao warudi kusoma. Mimi ninayejibu ninasimamia tasnifu, na ninaamini jambo moja kwa dhati: nchi zetu hazitapata watafiti kwa kuongeza idadi ya wanaodahiliwa tu. Zitawapata pale mwanafunzi atakapokaa karibu na watu wanaotafiti kweli, na anachoandika kikasomwa. Taratibu hutofautiana chuo kwa chuo, hivyo kanuni za chuo chako ndizo za kufuata.

Uzamili na uzamivu vinatofautianaje? Ninachosikia ni kwamba uzamivu ni mrefu tu.

Urefu upo, lakini tofauti kubwa iko kwenye kazi yenyewe. Katika uzamili unajifunza kutafiti. Unachukua swali dogo, unalijibu kwa njia inayokubalika katika fani yako, na unaonyesha kwamba unajua waliotangulia wamesema nini. Katika uzamivu unatakiwa kuleta jambo ambalo fani haikuwa nalo, kisha ulitetee mbele ya watu wanaoijua fani hiyo kukuzidi. Kwa kawaida uzamili huchukua miezi 18 hadi 24, na uzamivu wa muda wote miaka 3 hadi 4. Wengi huvuka hapo, na mara nyingi sababu si uwezo wao.

Uzamili wangu ulikuwa wa masomo ya darasani na ripoti fupi. Naweza kuomba uzamivu?

Vyuo vingine vitakukubali, vingine vitakutaka uanze na masomo ya mbinu za utafiti. Hata ukikubaliwa, pengo utalikuta mbele. Ushauri wangu ni utafute nafasi ya msaidizi wa utafiti kwenye mradi wowote ulio karibu na fani yako, hata wa miezi michache. Ukishafanya usaili wa kaya, ukasafisha data na kuona swali zuri la kwenye karatasi likikataa kujibika kijijini, utaandika andiko la utafiti tofauti kabisa na lile ulilo nalo sasa.

Nitafute chuo kwanza au msimamizi kwanza?

Msimamizi. Na kabla ya msimamizi, tafuta kundi.

Watu huchagua kwa jina la chuo, na majina hayo yana historia ya haki: Makerere ilianza mwaka 1922, na mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipogawanyika, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zikawa vyuo vikuu vinavyojitegemea. Lakini huwezi kusimamiwa na jina. Ndani ya chuo kimoja kuna idara yenye semina kila wiki na miradi mitatu inayoendelea, na jirani yake kuna idara ambayo mwanafunzi wa uzamivu anaweza kumaliza mwaka bila kuulizwa amefikia wapi.

Angalia wanaofanya utafiti kwa kundi. KEMRI-Wellcome ya Kilifi, programu ya utafiti wa afya iliyoanza mwaka 1989, inapokea wahitimu wa shahada ya kwanza kama wanagenzi, wengine wanaendelea na uzamili, wengine uzamivu, hadi mtu anaongoza kundi lake mwenyewe. Faida kubwa ya mpangilio huo ni kwamba mgeni anamwona kila siku mtu aliyemzidi hatua moja. Profesa aliyekuzidi miaka 30 hawezi kukumbuka vizuri ugumu wa sura ya 2. Aliyeimaliza mwaka jana anaukumbuka. Taasisi ya Afya Ifakara ina desturi ya aina hiyo, na kwenye utafiti wa wadudu kuna kituo cha icipe, alichokianzisha Thomas Odhiambo jijini Nairobi mwaka 1970. Tangu mwaka 1983 icipe ina mpango uitwao ARPPIS, ambao mwanafunzi wa uzamivu anasajiliwa chuo kikuu lakini anafanyia utafiti wake kwenye maabara za icipe, akiwa na msimamizi huku na huku.

Arusha ipo Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia, ambayo ilianzishwa kwa ajili ya uzamili na uzamivu tu. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kuna kituo cha magonjwa ya kuambukiza na kingine cha kudhibiti panya waharibifu, na vyote viwili vilikuwa kwenye mradi wa vituo vya umahiri uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2016. Ukisikia utafiti wa panya, usicheke: mkulima wa mahindi anajua kwa nini upo.

Ukishaona kundi, chunguza msimamizi. Soma alichochapisha miaka mitano iliyopita. Kisha watafute wanafunzi wake waliomaliza, na hasa wale ambao hawakumaliza, uwaulize mambo matatu: anasoma rasimu kwa muda gani, anakutana na wanafunzi mara ngapi, na kwenye makala ya pamoja jina la mwanafunzi linakaa wapi. Majibu hayo hayapo kwenye tovuti ya chuo chochote.

Nikimwandikia msimamizi ninayemtaka, niandike nini?

Andika kifupi, na umwonyeshe kwamba umemsoma. Barua nyingi huanza na historia ya maisha na kuishia na ombi la ufadhili. Hizo hupita bila kujibiwa. Mfano huu unatosha:

*Profesa, habari za kazi. Naitwa (jina), nimemaliza uzamili wa uchumi wa kilimo mwaka jana. Nimesoma makala yako kuhusu hasara ya mahindi baada ya mavuno, na nimebaki na swali: kwa nini wakulima waliopata mafunzo ya kuhifadhi bado wanauza mapema? Ningependa kulifanyia kazi katika uzamivu. Nimeambatanisha ukurasa mmoja wa wazo na sura moja ya tasnifu yangu. Ukiona linafaa, naomba dakika 20 za mazungumzo kwa wakati utakaokufaa. Asante.*

Mkikutana uso kwa uso au mkipigiana simu, shikamoo ni lazima. Kwenye barua, heshima iko katika kutompotezea muda. Akikaa kimya wiki mbili, mkumbushe mara moja. Akiendelea kukaa kimya, umeshapata jibu, tena mapema.

Fedha zitatoka wapi?

Mikopo ya elimu ya juu imejikita zaidi kwenye shahada ya kwanza, kwa hiyo wengi hujilipia, hulipiwa na mwajiri, au hupata ufadhili wa mashindano. Milango ninayoifahamu ni hii.

Kwa uchumi, kuna AERC ya Nairobi, taasisi ya utafiti wa uchumi Afrika iliyoanza mwaka 1988. Iliona kwamba hakuna idara moja yenye walimu wa kutosha wa kila somo la hiari, ikawa inawakusanya wanafunzi wa vyuo mbalimbali Nairobi kwa miezi kadhaa wasome masomo hayo pamoja. Kwangu mimi ni moja ya fikra bora zilizowahi kutokea katika elimu ya juu ya bara hili. Kwa kilimo, kuna RUFORUM yenye makao Kampala, mtandao wa vyuo vikuu ulioanzishwa mwaka 2004. Kwa afya ya jamii na idadi ya watu, kuna CARTA, programu ya kuandaa watafiti wa uzamivu iliyoanza mwaka 2008 chini ya APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya cha Nairobi, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini. CARTA huwachukua watumishi wa vyuo na taasisi wanachama na kuwapitisha kwenye semina nne za pamoja: kuanzia kuandaa andiko, kuchambua data, kuandika, hadi kuchapisha na kujipanga baada ya shahada. Kwa sayansi jamii, CODESRIA ya Dakar, baraza la utafiti wa sayansi jamii Afrika lililopo tangu 1973, imekuwa ikitoa ruzuku ndogo za kuandikia tasnifu. Ruzuku ndogo zina maana kubwa hapa kwetu, kwa sababu tasnifu nyingi hukwama kwa kukosa nauli na posho ya wasaidizi, si kwa kukosa mamilioni.

Kwa wanawake wa fani za sayansi, OWSD, shirika la wanasayansi wanawake wa nchi zinazoendelea, hufadhili uzamivu kwa watu wa nchi zenye sayansi changa, kwa sharti la kusomea nchi nyingine inayoendelea. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, linafadhili pia wanaosoma ndani ya Afrika, si lazima uende Berlin. Kwa sayansi tumizi na uhandisi kuna RSIF, mfuko wa ufadhili wa masomo na utafiti unaosimamiwa na icipe. Kwa watumishi wa vyuo vya umma Tanzania, uliza chuoni kwako kuhusu HEET, mradi wa kuboresha elimu ya juu ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 425 mwaka 2021, na kusomesha wanataaluma ni sehemu yake.

Kuna tahadhari moja. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipoifunga USAID, shirika lake la misaada, miradi ya utafiti ilisimama katikati, na wanafunzi waliotegemea data ya miradi hiyo wakabaki na sura nusu. Ukiingia uzamivu kupitia mradi wa mfadhili, panga angalau sura moja ambayo utaweza kuikamilisha hata mradi ukifa: kwa data za sensa, kumbukumbu za nyaraka, au takwimu za hospitali na halmashauri ulizokwisha kupata kibali chake.

Nisome nyumbani au nje?

Ukiweza, yote mawili. Kwa miongo kadhaa Sweden iliwafadhili walimu wa Dar es Salaam, Muhimbili na vyuo vingine kwa mpango ambao mwanafunzi anabaki mtumishi wa chuo chake, data anakusanya nyumbani, na kila mwaka anakwenda Sweden miezi kadhaa kutumia maabara na maktaba. Mpango wa ufadhili wa masomo wa Jumuiya ya Madola una nafasi ya aina hiyo pia: unasajiliwa uzamivu nyumbani na unakaa Uingereza hadi miezi 12. Njia hii ina uzuri wake kwa nchi. Swali linabaki la nyumbani, mwanafunzi harudi mgeni, na idara haimpotezi mtu kwa miaka minne mfululizo. Ina ugumu wake pia: ukirudi mkuu wa idara anakupangia vipindi palepale, na ile miezi ya nyumbani, iliyokusudiwa data, inaliwa na kusahihisha mitihani.

Chuo Kikuu cha Uppsala kina programu iliyoanza mwaka 1961 ya kusaidia fizikia, kemia na hisabati katika nchi maskini. Jambo la kuigwa ni kwamba fedha zake huelekezwa kwa makundi ya utafiti yaliyoko kwenye vyuo vyetu, kwa miaka mingi, badala ya kumchukua mtu mmoja na kumrudisha kwenye maabara isiyo na umeme wa uhakika.

Vibali vya utafiti vinapatikanaje? Nimeambiwa naweza kupoteza miezi sita.

Unaweza, ukianza umechelewa. Tanzania Bara, mamlaka ya vibali ni COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Mwanafunzi wa chuo kikuu mara nyingi hupewa barua ya chuo chake kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, naye anakuandikia barua ya kwenda wilayani, wilaya kwenda kata, hadi unakaa mbele ya mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Usiruke ngazi. Nakala ya barua yenye mhuri ibaki kila ofisi, nawe ubaki na yako. Utafiti wa afya ya binadamu unahitaji pia kibali cha maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, au kamati ya chuo inayotambulika. Zanzibar ina taratibu zake na kibali cha Bara hakitoshi.

Kenya unaanza na kamati ya maadili iliyoidhinishwa, kisha unaomba leseni mtandaoni kwa NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na ukifika kaunti unaripoti kwa kamishna wa kaunti na ofisi ya elimu. Uganda ni UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia.

Fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili ambacho mama wa miaka 60 atakielewa akisomewa mara moja. Dodoso lijaribiwe kwanza kwa watu wachache nje ya eneo lako. Kwenye bajeti, kumbuka bodaboda, gesti, bando, na posho ya mwenyeji atakayekutembeza. Wakati wa kilimo watu hawapo nyumbani hadi jioni, na masika barabara nyingine hazipitiki. Kalenda ya utafiti ifuate kalenda ya wahojiwa.

Msimamizi wangu hajibu. Nimemtumia sura 3, miezi minne kimya. Nifanyeje?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na linaniuma, kwa sababu watu wenye uwezo wanaacha masomo hapa.

Kwanza elewa kinachomkuta, bila kukifanya udhuru. Vyuo vyetu vilipanuka haraka kuliko walimu wenye uzamivu walivyoongezeka. Mhadhiri mmoja ana madarasa ya mamia, vikao, na wanafunzi wa tasnifu wengi kuliko anaoweza kuwasoma. Tangu mishahara ya vyuo iliposhuka thamani miaka ya 1980, ushauri elekezi kwa mashirika ukawa sehemu ya kujikimu. Mahmood Mamdani alipokuwa anaongoza taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere alilisema hili waziwazi: utamaduni wa ushauri elekezi unamzoeza mtafiti kujibu maswali ya mteja, na wa kutunga maswali yake wanapungua. Jibu la taasisi yake lilikuwa kuanzisha uzamivu wenye miaka ya masomo na mijadala ya pamoja kabla ya tasnifu.

Upande wako, acha kutuma sura nzima nzima. Tuma kurasa 10 zikiwa na maswali mawili au matatu unayotaka ajibu, na tarehe unayoiomba. Anayeogopa kufungua faili la kurasa 70 hufungua la kurasa 10. Omba kikao kimoja kila mwezi, siku ileile, hata cha nusu saa. Baada ya kila kikao mwandikie barua pepe fupi: "Profesa, tumekubaliana nitafanya hili na lile hadi tarehe fulani." Barua hizo humsaidia yeye kukumbuka, na siku ya mgogoro zitakusaidia wewe.

Ikipita miezi miwili bila kitu, ongea naye ana kwa ana, kwa adabu, umuulize kama angependa kuongezewa msimamizi wa pili. Wengi hupokea vizuri. Ni nafuu kwao. Akikataa na kimya kikaendelea, nenda kwa mratibu wa uzamili na uzamivu wa idara, kisha mkuu wa idara, kisha kurugenzi ya masomo hayo. Kubadilisha msimamizi ni haki iliyomo kwenye kanuni za vyuo, na kuitumia si utovu wa adabu. Heshima kwa mwalimu haikudai uache ada yako na miaka yako izame kimyakimya.

Hayo yote ni tofauti na msimamizi anayedai fedha, kazi za nyumbani kwake, au mapenzi. Hapo hakuna kubembelezana. Hifadhi ushahidi, mwambie mtu unayemwamini siku hiyohiyo, na peleka malalamiko dawati la jinsia la chuo au TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa ya Tanzania. Aliyefanyiwa hivyo hajakosa lolote.

Nafundisha vipindi vingi na nina familia. Uzamivu wa muda unawezekana?

Unawezekana, na ndio hali ya walimu wengi wa vyuo wanaousoma. Kinachouvunja ni vipande vya muda vidogo mno. Saa moja moja kila usiku inatosha kusoma, haitoshi kuandika. Omba kwa mwajiri muhula mmoja usio na vipindi, hata kama ni kwa kubadilishana na mwenzako, na uutumie kwa uandishi tu. Kwa wanawake mzigo ni mkubwa zaidi kwa sababu nyumba haimsubiri mtu amalize sura. Kama umejifungua, sitisha usajili kwa barua rasmi. Usinyamaze tu, maana muda unaendelea kuhesabiwa na ada inaendelea kudaiwa. Na waume wanaosoma haya: kumlea mtoto jioni tatu kwa wiki ni mchango kwa sayansi kama ulivyo mchango wa mfadhili.

Naweza kuandika tasnifu kwa Kiswahili?

Ndiyo, katika fani za Kiswahili. TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Chuo Kikuu Huria, miongoni mwa vingine, wana tasnifu nyingi za isimu na fasihi zilizoandikwa kwa Kiswahili. Fani nyingine bado ni Kiingereza kwa kanuni. Lakini hakuna kanuni inayokuzuia kurudi kijijini na kurasa nne za matokeo kwa Kiswahili na kuzisoma mbele ya mkutano wa kijiji. Waliokupa saa zao wana haki hiyo.

Makala nitazipata wapi? Kila ninayoifungua inataka dola 40.

Muulize mkutubi wa chuo nywila za Research4Life. Mpango huo ulianza mwaka 2002 kwa majarida ya afya, ukaongeza kilimo, mazingira, teknolojia na sheria, na taasisi za nchi zetu hupata bure au kwa bei ndogo kutegemea nchi. Inasikitisha kuona mwanafunzi amemaliza miaka miwili bila kuujua wakati chuo chake kimesajiliwa. AJOL, maktaba ya mtandaoni iliyoanza mwaka 1998 na sasa inaendeshwa kutoka Afrika Kusini, ina majarida ya Afrika ambayo injini za kutafutia za kawaida huyaweka nyuma. Mwandikie pia mwandishi mwenyewe umwombe nakala. Wengi hujibu siku ileile. Weka marejeo yako kwenye Zotero, programu ya kutunza marejeo, ni bure.

Nimepata barua pepe ya jarida linaloahidi kuchapisha ndani ya siku tano. Nilipe?

Hapana.

Kenya, miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inamtaka mwanafunzi wa uzamivu awe na makala mbili katika majarida yanayopitiwa na wanataaluma, na wa uzamili moja. Nia ni njema. Lakini sharti la namna hii, pasipo msimamizi wa kumshika mkono mwanafunzi, linamsukuma kwa matapeli wanaouza kurasa. Makala iliyochapwa huko itakufuata kwenye kila maombi ya kazi, na kuiondoa ni vigumu mno. Angalia kama jarida limo kwenye DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure, au kwenye AJOL, kama unawafahamu watu wawili wa bodi yake kwa maandishi yao, na kama makala zake za mwaka jana unaweza kuzisoma bila aibu. Ada ikiwapo, omba msamaha wa ada kabla ya kuwasilisha. Majarida mengi makubwa yanao kwa waandishi wa nchi za kipato cha chini.

Kuna watu wanaandika tasnifu kwa malipo. Na sasa kuna akili unde (AI). Mpaka uko wapi?

Aliyeandikiwa tasnifu amenunua cheti na ameuza nafasi ya kuwa mtafiti. Siku ya utetezi huonekana, na asipoonekana siku hiyo ataonekana atakapokabidhiwa wanafunzi wa kuwasimamia, na wao ndio watakaolipa.

Akili unde inaweza kukusahihishia Kiingereza au kukueleza hatua ya takwimu usiyoielewa. Usiipe kazi ya kutafuta marejeo bila kufungua kila moja, kwa kuwa huwa inatunga vitabu visivyokuwapo. Usiipe mahojiano yenye majina ya watu waliokuamini. Chochote ulichoitumia, kiandike kwenye sura ya mbinu, kwa kadiri kanuni za chuo chako zinavyoruhusu.

Siku ya utetezi itakuwaje?

Kabla ya siku hiyo tasnifu inasomwa na mtahini wa ndani na wa nje, kila mmoja anaandika ripoti. Utetezini unaeleza kwa dakika 15 hadi 30, kisha unaulizwa. Jibu la "sikulichunguza hilo, na sababu ni hii" linapokelewa vizuri kuliko kubahatisha. Matokeo ya kawaida ni kupita kwa masharti ya marekebisho. Usiyachukulie kama kushindwa. Fanya marekebisho ndani ya wiki zile walizokupa, wakati hoja bado zina moto kichwani.

Mimi ni mkuu wa idara. Hatuna fedha. Tunaweza kuanzia wapi?

Anzeni na semina ya kila wiki, siku na saa isiyobadilika, mwanafunzi mmoja anawasilisha kurasa alizoandika na wote wamezisoma. Haigharimu chochote zaidi ya chumba. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, idara ya historia ya mwishoni mwa miaka ya 1960, akina Isaria Kimambo, Terence Ranger na Walter Rodney wakifundisha, ilijulikana duniani, na haikujulikana kwa majengo. Watu walisomana na kubishana. Maprofesa nao wawasilishe rasimu zao mbichi, ili vijana waone kwamba hata mkubwa anakosolewa na hafi.

Pili, wekeni muda wa kurudisha rasimu, mathalani wiki tatu, na orodha ya idara inayoonyesha kila mwanafunzi yuko hatua gani na nani ana rasimu yake. Tatu, kila mwenye uzamivu mpya asimamie kwanza pamoja na mzoefu. Kusimamia ni kazi inayofundishika. CARTA huwapa mafunzo wasimamizi pia, si wanafunzi tu. Nne, hesabuni usimamizi kama mzigo wa kazi wakati wa kupanga vipindi na kupandisha vyeo. Kisichohesabiwa hufanywa usiku, na baadaye hakifanywi kabisa.

Nina miaka 47. Nimechelewa?

Kwa udahili, hapana. Kwa ufadhili, angalia masharti: baadhi ya wafadhili huhesabu miaka tangu shahada yako ya mwisho badala ya umri.

Muda wangu wa usajili umeisha na nimebakiza sura mbili. Kuna njia?

Ipo mara nyingi. Usiandike barua ya kuomba huruma. Peleka kwa kurugenzi maombi ya kuongezewa muda yenye vitu vitatu: sura zilizokamilika, ratiba ya miezi 6 yenye tarehe, na barua ya msimamizi inayokubali ratiba hiyo. Kama umeshaondolewa kwenye usajili, uliza kuhusu kusajiliwa upya. Vyuo vingine vinaruhusu kazi ya awali itumike, kwa ada ya ziada. Vibali vya utafiti na maadili vikaguliwe tarehe, maana huisha, na data iliyokusanywa baada ya kibali kuisha haitakubaliwa. Fanya hivyo wiki hii, kabla kikao cha bodi ya masomo hakijakaa.